Saa Aliyoambiwa Mgonjwa

Hotuba mbele ya wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, masheha na familia zinazouguza majumbani, Wete, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Konde, Micheweni, Kojani na kwengineko, na nyinyi mama zangu na baba zangu mnaouguza majumbani: ahsanteni kwa kuja. Nimetakiwa nieleze kazi ambayo wengi wenu hamjapata kuiona, ingawa kila aliyewahi kumngojea muuguzi nyumbani ameionja, kwa tamu yake au kwa chungu yake.

Nyinyi mnamuona muuguzi anaposhuka kwenye pikipiki na mkoba wake, anapiga hodi, anatandikiwa mkeka. Kabla ya hodi hiyo kuna mtu aliyekaa tokea jana na daftari, simu na kalenda, akijiuliza: aende nani, kwa nani, saa ngapi, kwa chombo gani, abebe nini, na mgonjwa mwenyewe yupo au kahamishiwa kwa binti yake? Kwa upande wetu huu wa kaskazini ya Pemba mtu huyo ni mimi, pamoja na mwenzangu mmoja tunayepokezana naye.

Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wodini. Wodini mgonjwa hatafutwi. Ukimuacha kitanda cha nne usiku, asubuhi utamkuta kitanda cha nne, au utaambiwa alikopelekwa. Dawa ziko kabatini, maji yako bombani, daktari ukimwita anakuja. Nilipohamishiwa kwenye meza ya ratiba nilidhani nimepewa kazi ya ukarani: majina upande huu, tarehe upande huu, basi. Mwezi wa mwanzo niliifanya hivyo hasa. Nilichukua majina, nikayagawa kwa siku tano za kazi, nikawapa wauguzi. Karatasi ilikuwa safi sana.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja. Sitamtaja, wala shehia yake sitaitaja. Alikuwa amepooza upande mmoja na amewekewa mpira wa mkojo, ambao lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Niliandika: Jumanne, asubuhi. Jumatatu jioni nikaarifiwa kwamba gari ya kesho imechukuliwa kwa shughuli nyengine. Nikafuta Jumanne, nikaandika Alkhamis. Nilijiambia ni siku mbili tu. Nambari ya simu iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya mwanawe anayeishi Unguja. Niliipiga mara moja, haikupokelewa, nikaendelea na mambo mengine.

Jumanne ile mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, hakwenda skuli. Aliambiwa akae njia panda amuoneshe muuguzi njia, maana nyumba yao iko ndani, ukishavuka bonde la mpunga. Alikaa mpaka adhuhuri. Jumatano akakaa tena. Mpira ulikuwa umeshaziba tokea Jumanne usiku. Jirani mmoja mwenye gari alijitolea kuwapeleka hospitali, bibi akakataa. Alisema kwamba wameshaambiwa muuguzi anakuja, na akija akamkosa itakuwa wao ndio waliovunja miadi. Basi akajikaza, tumbo limejaa, usiku huo na mchana wake.

Muuguzi alipofika Alkhamis alimkuta na homa kali, na siku ile ile akapelekwa hospitali. Alhamdulillahi alipona. Lakini mimi kila nikiitazama karatasi yangu safi nilimuona msichana yule amekaa njia panda. Lau nisingewaambia Jumanne, bibi yule angekwenda hospitali Jumanne usiku, kwa gari ya jirani, na angetibiwa. Kilichomzuia kitandani ni neno langu mimi.

Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kulisema. Mtu ukishampa saa, anaipanga siku yake yote kwa saa ile. Anayemuuguza haendi shamba. Mtoto haendi skuli. Maji yanatekwa, mashuka yanafuliwa, maziko ya jamaa yanakosekana. Na kubwa kuliko yote, anaacha kutafuta msaada mwengine, kwa sababu ameshaahidiwa msaada. Ndiyo maana nasema saa aliyoambiwa mgonjwa imo ndani ya matibabu yake, na anayeipanga saa hiyo anaweza kumdhuru mtu bila ya hata kumgusa.

Tokea hapo tuliacha kupanga kwa majina. Kila ziara tunaiuliza suala moja: ikichelewa, kutatokea nini? Kwa jawabu ya suala hilo tumepata mafungu matatu, nasi mezani petu tunayaita za saa, za siku na za wiki.

Ya saa ni ile ambayo ikipita saa yake imeharibika. Mgonjwa wa kisukari ameanzishwa insulini karibuni, na pale nyumbani hakuna aliyekwisha kufundishwa kumchoma sindano: huyo ni wa kabla ya chai ya asubuhi. Ukimfikia saa nne, ama amekaa na njaa anakungojea, ama amekula bila ya sindano, na yote mawili yanamdhuru. Ya siku ni kidonda kinachosafishwa kila baada ya siku moja, au mpira wa mkojo kama ule wa bibi yangu: asubuhi au alasiri ni sawa, lakini siku isipite. Ya wiki ni mzee wa presha anayepimwa na kuhesabiwa vidonge vilivyobaki, au aliyepata kiharusi anayeoneshwa mazoezi ya mkono. Hizi za wiki ndizo mto wetu wa kuegemea. Kukitokea jambo, zinasogezwa hizi, zile hazisogezwi. Na hata hii inayosogezwa, mwenyewe apigiwe simu kabla ya jua kuchwa.

Kwa mzazi na mtoto mchanga niruhusuni nikae kidogo, maana hapa tulikuwa tukikosea sana bila ya kujijua.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja kwamba mtoto mchanga atembelewe nyumbani siku ya kwanza na siku ya tatu, na ikiwezekana mara nyengine kabla ya siku ya saba kwisha. Siku hizo hazikuchaguliwa ovyo. Vifo vingi vya watoto wachanga hutokea wiki ya kwanza, na ndani ya wiki hiyo ndipo kitovu kinapoweza kuingia uchafu, mtoto anapogeuka rangi ya manjano, ziwa linaposhindwa kushikwa vizuri na mtoto akaanza kupungua. Mama naye damu inaweza kumzidi, au homa ya uzazi ikamuanza. Ziara ya siku ya tatu ikifanywa siku ya tisa, itaandikwa kwenye rejesta kwamba imefanyika, na kwa kweli haikufanyika.

Sasa, sisi tulikuwa na tarehe ya makadirio, tuna shehia, tuna jina la mume na nyumba yake. Muuguzi anakwenda siku ya tatu, anaambiwa mzazi hayupo. Yuko wapi? Yuko kwa mama yake. Nani katika ukumbi huu hajui kwamba mimba ya kwanza binti hurudi kwao, akalelewa uzazi na mama yake mpaka arubaini itimie? Mimi mwenyewe wa kwanza nilimzalia kwetu. Nilikuwa nalijua jambo hili kama ninavyolijua jina langu, na nikikaa mezani nalisahau, kwa sababu fomu inauliza mahali unapoishi, nayo haina makosa, mtu anaishi kwa mumewe. Mume yuko Wete mjini, mama mtu yuko Makangale, ng'ambo ya msitu wa Ngezi. Tunaligundua hilo siku ya tatu saa tano, na siku ya tatu imeshakwenda.

Siku hizi mhudumu wa afya ya jamii anapomtembelea mjamzito wa mwezi wa nane, anamuuliza: arubaini utakaa kwa nani? Jawabu inaandikwa pamoja na jina la mama mtu, shehia yake, na simu ya mtu aliyeko nyumba ile, si ya mume. Kuongezwa kwa suala hilo moja ndiko kulikotuwezesha kumkuta mzazi siku ya tatu akiwa siku ya tatu kweli. Wenzetu wahudumu wa programu ya Jamii ni Afya, iliyoenea wilaya zote 11 za Zanzibar, wana simu zinazowakumbusha tarehe za kila kaya, na kumbukumbu hiyo ni neema kubwa. Zamani ilikuwa kichwani mwa mtu. Simu inakumbusha tarehe. Kwamba binti kesha beba begi lake kwenda kwa mama yake, hilo linajulikana na jirani, na linatufikia kwa mhudumu anayepita barazani akasalimia.

Nije kwenye bahari.

Ofisini siku huhesabiwa Jumatatu na Jumanne. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvu, yaani maji makubwa, na wakati wa bamvu kwetu maji hupwa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, tena hupwa hasa. Baina ya kujaa na kupwa tofauti hukaribia mita 4. Na saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo mtu wa mezani humtaka muuguzi ashuke kisiwa cha Fundo. Ameshafika kazini, ameshachukua dawa na shashi, ameshateremka bandarini. Basi chombo kinamshusha mbali, anatembea topeni na juu ya mawe, mkoba begani na viatu mkononi. Akimaliza kazi chombo kimekaa mchangani, hakiwezi kuondoka mpaka maji yapande alasiri. Siku nzima imekwenda kwa nyumba mbili. Wiki moja baadaye, maji mafu, saa hiyo hiyo nne maji yako juu, chombo kinaingia mpaka karibu na ufukwe, na muuguzi anaweza kurudi Wete akaona wagonjwa wengine kabla ya alasiri.

Haya kwa wavuvi wetu si elimu mpya. Mjinga nilikuwa mimi. Nahodha mmoja, mtu mzima, alikuja ofisini kudai nauli yake, akautazama ukuta wangu akaniuliza kwa nini nimetundika kalenda mbili na naitumia moja. Ya pili ilikuwa ya mwezi mwandamo, tuliyoiweka kwa ajili ya Ramadhani na Sikukuu. Akanionesha kwa kidole: mwezi mosi na mwezi pili ni bamvu, mwezi 15 na 16 ni bamvu, mwezi 8 na mwezi 22 ni maji mafu. Mwaka mzima umo mle. Bahari ilikuwa ukutani kwangu muda wote ule, nami nimeipa mgongo.

Tokea siku hiyo ziara za visiwani sizipangi tena kwa siku ya wiki. Mgonjwa wa Fundo haambiwi "kila Jumatano". Anaambiwa mwezi 8 na mwezi 22 Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili hivyo hivyo, na akiambiwa hivyo anaelewa mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu yake ya kwenda pwani. Hata ziara zenyewe zimeanza kutimia bila ya kupigiana simu mara tatu. Na kusi likivuma kwa nguvu, miezi ya Juni na Julai, neno la mwisho ni la nahodha. Muuguzi asimbembeleze, na mkuu wake asimlaumu aliyerudi. Kwa sababu hiyo kila mgonjwa wa kisiwani anapewa siku ya akiba tokea mwanzo, naye anaijua: wasipokuja leo kwa upepo, watakuja siku fulani, na ukizidiwa kabla yake usitungojee, panda chombo chochote kinachovuka. Sentensi hiyo ya mwisho tunaitamka kwa kila mgonjwa sasa, wa kisiwani na wa nchi kavu. Tunaitamka kwa ajili ya bibi yule.

Hata nchi kavu ramani inadanganya. Ukisimama bandari ya Wete unaiona Mtambwe kule ng'ambo, waona na minazi yake. Kwa chombo ni safari fupi. Kwa barabara unazunguka, na mvua za masika zikishaikata njia ya udongo, pikipiki inasukumwa. Anayepanga kwa kuangalia ramani ataziweka Wete na Mtambwe pamoja. Anayepanga kwa kuuliza atataka kujua kwanza muuguzi anakwenda na nini.

Hapa ndipo tunapoulizwa na wakubwa zetu: kwa nini muuguzi mmoja anaona nyumba sita kwa siku na si kumi? Suala ni la haki, na nitalijibu kwa hesabu. Tuseme kidonda kinachukua dakika 40 kukisafisha na kukifunga. Kabla yake kuna salamu, na salamu si kupoteza wakati. Katika salamu ndimo muuguzi anamoona kwamba mgonjwa leo hakuinua kichwa, au kwamba anayemuuguza macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Kuna kunawa mikono, kuchemsha maji, kuandika. Saa moja imekwisha. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni mwendo wa miguu, na kurudi vile vile. Mara sita, na baina yake kuna Sala ya Adhuhuri. Ukiandika kumi, hatafika kumi. Atafika sita, na wanne watakuwa wamekaa wanangoja, na mmoja kati ya hao wanne atakuwa amekataa gari ya jirani.

Tena katika siku hiyo naacha saa moja tupu kwa makusudi. Nimegombana sana kwa ajili ya saa hii. Mtu akiiona kwenye ratiba huona nafasi imelala bure, huwa tayari kuniletea jina la kuijaza. Nawaomba msiijaze. Saa ile ndiyo anayopata mgonjwa aliyetoka hospitali ghafla leo asubuhi na kidonda kibichi, au mzazi aliyejifungua wiki mbili kabla ya tarehe yake. Wenzetu wa malaria wanalijua hili vizuri zaidi kuliko sisi. Kwao mgonjwa akithibitishwa kituoni, taarifa inatumwa kwa simu, na afisa wa wilaya anatakiwa afike nyumbani kwake na kuwapima waliomo ndani ya saa 48. Huwezi kuahidi saa 48 kwa mtu usiyemjua bado kama siku zako zote zimeshajazwa pomoni.

Mpango wa nani atangulie pia una sababu zake, na wakati mwengine familia hununa zikiona tumempita mgonjwa wao kwenda nyumba ya mbali. Mtoto mchanga hutangulia. Kidonda safi hutangulia kidonda chenye usaha. Anayetibiwa kifua kikuu huwa wa mwisho. Nguo na mikono ya muuguzi ni ile ile asubuhi mpaka jioni, na hatutaki aingie kwa mtoto wa siku tatu ametoka kwenye usaha. Ikiwa nyumba ya mchanga ndiyo ya mbali, basi tutapita mlangoni kwako tukusalimie kwa mbali, na tutakurudia.

Sura za wauguzi nazo tunazihesabu. Kidonda cha mguu wa kisukari kikitazamwa na watu watatu kwa wiki tatu, kila mmoja ataandika kinaendelea vizuri, kwa sababu hakuna aliyekiona kilivyokuwa kabla. Akienda mmoja mara tatu, anajua kwamba kimepanuka kwa upana wa kidole. Kwa hiyo vidonda tunampa mtu mmoja mpaka vifunge, na likizo yake inapangwa kwa kutazama vidonda vyake. Na lipo suala la stara. Bibi wa mpira wa mkojo anataka muuguzi wa kike, na babu anataka wa kiume, na wote wawili wana haki. Aliye kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hatumpelekei mwanamme, hata kama ni kumpima presha tu. Kwa muuguzi mwanamme niliyenaye hili lina maana kwamba ratiba yake naiandika ya kwanza, kabla ya ya wengine, la sivyo nitajikuta nimempa nyumba asizoweza kuingia.

Ramadhani mambo yote hugeuka. Watu wamekesha, daku imeliwa, nyumba zimelala baada ya alfajiri. Dawa za asubuhi na jioni zimekuwa za futari na daku. Mgonjwa wa kisukari anayetaka kufunga lazima aonwe kabla ya mwezi kuandama, azungumze na daktari wake, si katikati ya mwezi akiwa ameshaanguka. Kwa hiyo Shaabani kwetu ndiyo wiki nzito za mwaka, na likizo hazitoki. Msimu wa karafuu nao: karafuu zikikubali, nyumba nzima inahamia shamba, na mgonjwa anabaki na mtoto wa miaka kumi. Hapo tunakwenda mapema mno au jioni, mwenye nyumba akiwepo, kwa sababu maelekezo ya dawa hayapewi mtoto. Siku ya pensheni jamii, wanayopata wazee wa miaka 70 na zaidi tokea mwaka 2016, hatupangi wazee kabisa.

Sasa niwageukie nyinyi, nami naomba kwa unyenyekevu.

Wahudumu wa afya ya jamii: nyinyi ndio macho yangu. Ukipita ukaona kitanda kimehamishwa, nipigie hata kama hujapata ukamili wa habari. Nambari za nyumba zilizowekwa kabla ya sensa ya 2022 zimetusaidia, lakini muembe wa njia panda ukikatwa niambieni pia, kwa sababu mgonjwa bado anamuelekeza muuguzi kwa muembe ule.

Wauguzi wenzangu: mkichelewa nyumba ya kwanza, nipigieni mkiwa nyumba ya kwanza, msisubiri mpaka ya tatu. Sitawalaumu. Nikijua saa tatu kwamba nyumba ya sita haitafikiwa, nina muda wa kumwambia mwenyewe na kumtafutia njia nyengine. Nikijua saa kumi, nina samahani tu ya kumpa.

Nyinyi wa familia: mkimpeleka mgonjwa hospitali au kwa ndugu yake, tuarifuni. Msione haya kwamba mmetuvunjia miadi. Na ikiwa sisi ndio tuliovunja, tupigieni mtusemeshe, ni haki yenu.

Masheha wetu, kwenu nina ombi moja ambalo nalisema kwa uzito. Mgonjwa akifariki, tupeni habari siku hiyo hiyo. Muuguzi wangu mmoja alipita bonde na mlima na bendeji zake, akafika akaona watu wamekaa mikekani wanasoma khitma. Ilikuwa siku ya tatu. Alipiga hodi kwa jina la marehemu. Mtoto wa marehemu ndiye aliyempokea, akamkaribisha kwa adabu, akamletea kahawa, na muuguzi yule aliporudi alikaa ofisini kwangu muda mrefu hawezi kusema. Watu wale walikuwa na msiba wao, haikuwa kazi yao kutukumbuka. Sheha anaandikishwa kifo. Kutoka kwake simu moja inatosha, na badala ya kumpeleka muuguzi na mkoba tutakwenda wenyewe kutoa mkono wa pole.

Pale mlangoni, juu ya meza, lipo daftari la kila shehia. Ndani yake kuna majina ya wagonjwa wa nyumbani tulionao sasa, na mbele ya kila jina pana nafasi ya simu mbili. Ya kwanza nyingi zimejazwa, na nyingi ni za watoto wao walioko Unguja na Arabuni. Naomba kabla hamjatoka, sheha pamoja na mhudumu wake wakae na ukurasa wao, waandike simu ya pili: ya jirani wa ubavuni, mwenye duka, mwalimu wa chuoni, yeyote ambaye akipokea anaweza kutembea kwa miguu mpaka kitandani kwa mgonjwa akampa habari. Mwenzangu amekaa pale na kalamu. Fundo waanze wao, chombo chao kinaondoka na maji.